Mlango wa Kibwana

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepoteza mlango wa Kibwana. Ulitolewa jana, Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Aliyeutoa ni Deo, mwenzangu wa miaka mitatu katika gemu hili. Jumapili iliyopita alikula wali kwangu na hakusema kitu.

Nimegundua dukani, katikati ya kopi za vyeti vya watu. Mashine inatoa kopi, mimi nafungua toleo jipya kwenye simu, kama kila Jumamosi. Mistari kumi na moja ya programu haipo. Kumi na moja tu, kati ya elfu tisa na kitu. Lakini ndiyo iliyokuwa mlango wenyewe, ikisema: uaminifu wa Kibwana ukishuka chini ya ishirini, Kibwana anatua mzigo, anaaga, anaondoka.

Sasa haondoki. Umfanyie utakalo.

Naandika kwa mpangilio ili hasira isinivurugie hesabu. Gemu ni la msafara wa zamani, Tabora hadi pwani, kwa miguu, vituo kumi na nane. Mchezaji ni kiongozi wa wapagazi, Mnyamwezi. Anachagua nani abebe nini, nani anywe kwanza, nani asikilizwe. Kibwana ndiye mwenzake wa karibu, Mzaramo anayerudi kwao. Anaanza na uaminifu hamsini, unapanda au kushuka kulingana na anavyotendewa. Deo ni mwalimu wa shule kule Puge, maneno yote kayaandika yeye. Mimi ni programu na hesabu. Niliishia darasa la saba, nikashona nguo miaka minane, nikanunua kompyuta iliyochoka, nikajifundisha. Kwa hiyo mstari ukifutwa naujua, kama ninavyojua pindo lililofumuliwa.

Watu wa Dar watakaoliweka kwenye vishikwambi vya maktaba za shule wanataka toleo la mwisho Ijumaa ya tarehe 19. Siku kumi na tatu.

Jumapili, 7 Septemba

Deo hapokei. Nimepiga mara nne. Saa nne asubuhi alikuwa hewani, nimeona. Kwa hiyo si mtandao wa Puge.

Jumatatu, 8 Septemba

Amepiga wakati wa mapumziko ya shule. Nyuma yake kelele za watoto.

"Dada Mwaju, usikasirike kwanza."

Nikamwambia nimeshakasirika tangu juzi, aendelee.

Hoja yake ni majaribio. Watu kumi na wawili walilijaribu gemu mwezi uliopita. Tisa walimpoteza Kibwana kabla ya kufika Ugogo. Kati ya hao tisa, wanne walifunga simu palepale na hawakurudi. Mtoto wa shule, anasema, huwezi kumwacha porini peke yake. Ataachwa, hatajua kwa nini, ataweka kishikwambi chini. Na watu wa Dar wamefurahi. Wamesema sasa Kibwana ni rafiki wa kweli.

Nikamuuliza mbona hakuniuliza.

"Ungekataa."

Ni kweli ningekataa. Ndiyo maana ya kuuliza.

Lakini tisa kati ya kumi na wawili ni robo tatu. Hiyo siwezi kuibishia. Nilikuwa najiambia wale tisa ni wachoyo tu, hawakumjali mwenzao, na wamevuna walichotaka. Sasa sina hakika. Robo tatu ya watu wa Gongoni, mtaa wetu, wawe wachoyo? Nawajua. Si kweli.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimecheza kwa ubaya. Makusudi, kwenye toleo la Deo.

Vituo tisa sikumpa Kibwana maji. Nikamwongezea mzigo wa aliyeugua. Nikampunja posho. Kila kituo anasema maneno yaleyale: "Tuko pamoja, mkuu." Kituo cha tisa nimezima simu. Nimeona haya, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Rafiki wa kweli. Nikimpa maji, tuko pamoja. Nikimnyima, tuko pamoja. Basi kumpa maji si uamuzi tena, ni kubonyeza tu. Hesabu inayotoa jibu lilelile kwa kila namba unayoweka, mimi siiti hesabu.

Na kuna zito zaidi. Mpagazi alikuwa na sauti moja tu, kutua mzigo na kuondoka. Kiongozi mkorofi aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala bila wenyewe. Watu wasioweza kuondoka walikuwepo pia kwenye njia hii, na tunajua walivishwa nini shingoni. Kibwana tulimwandika mtu huru. Deo amemgeuza, na hajui kama amemgeuza.

Ijumaa, 12 Septemba

Shangazi Nyamizi yupo tangu jana. Katoka Ipole na madumu mawili ya asali, anasubiri siku ya kliniki ya macho. Hajawahi kucheza gemu maishani. Nimempa simu yangu yenye toleo la zamani, lile lenye mlango, ili nimalizie kukata picha za pasipoti kwa utulivu.

Utulivu haukuwepo. Alimpa Kibwana maji mara mbili, kisha akaanza. Kila akipewa maneno ya kuchagua, anachagua lenye shombo.

"Mzaramo wewe, umeubeba mzigo au mzigo umekubeba?" Anacheka mpaka miwani inashuka. "Kwenu mnajua ngoma tu, kutembea mmetuachia sisi." Ananipiga begani. Wateja wawili wakasogea kusikiliza, mmoja akawa anamchagulia.

Mara ya saba Kibwana akatua mzigo. Akaaga. Akaondoka.

Shangazi akaitazama simu.

"Kaenda wapi?"

"Ameondoka, shangazi. Umemtukana mara saba."

"Nimemtukana? Nimemsalimia."

Akaisukuma simu mbali naye juu ya kaunta. "Mtani gani huyu ananuna? Nani kamlea?"

Mimi. Nikashika mkasi, nikaendelea na picha za pasipoti.

Jumamosi, 13 Septemba

Sikufungua duka mpaka saa tano. Nimekaa na kumbukumbu za wajaribu wote kumi na wawili, kituo kwa kituo, tendo kwa tendo.

Kila tone la maji linaongeza nne. Kila neno kali linatoa sita. Nilipanga mwenyewe. Wale tisa waliompoteza Kibwana hawakumnyima maji. Walimpa kuliko wale watatu waliobaki naye. Mmoja, muuza mitumba, alimpa maji mara kumi na mbili na kumtania mara kumi na nne. Hamsini, ongeza arobaini na nane, toa themanini na nne. Kumi na nne. Kibwana akaondoka zake kwa mtu aliyempenda kuliko wote.

Na wale watatu waliobaki naye? Wawili hawakumsemesha kabisa. Wa tatu ni ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu, aliyemwita "ndugu yangu" kila kituo na hakutoka hapo.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani wenyewe ulikomaa kwenye njia hiyohiyo ya misafara. Sikuhitaji kusoma mahali. Muuza dagaa wa hapa sokoni ni Mzaramo. Kila wiki anaingia dukani, ananiita mtumwa wake, anachukua kalamu yangu na kwenda nayo. Mimi nachota dagaa wake bila kuuliza. Msibani kwa baba yangu alikuja akavaa kofia ya marehemu, akaigiza alivyokuwa akitembea, na tuliokuwa tunalia tukacheka, kisha akashika jembe akachimba na wenzake. Siku akiniamkia kwa adabu nitajua nimemkosea.

Naishi ndani ya jambo hili. Halafu nikakaa mbele ya kompyuta nikaandika: neno kali, toa sita. Kila neno kali, bila kuangalia nani anamwambia nani. Niliogopa shule zitasema gemu lina matusi. Nikataka Kibwana awe na adabu ya ofisini.

Kosa ni langu. Naliandika hapa kwanza, maana kulisema kwa Deo kutaniuma.

Jumapili, 14 Septemba

Nimempigia Deo alipotoka misa. Nimemweleza kosa langu bila kulizungusha. Akacheka.

"Yaani dada, miaka mitatu hukujua kama naandika utani?"

"Hukuniambia."

"Nani wa Tabora anaambiwa utani?"

Nikamwambia nitarekebisha hesabu, mlango urudi. Kicheko kikaisha. Watu wa Dar wameshalikubali gemu kama lilivyo, anasema, tusiwachokoze. Hesabu nirekebishe, mlango tuuache.

Nikamuuliza: hesabu ya nini, kama hakuna kinachotokea ikishuka?

"Tutaona, dada."

Sipendi neno hilo. Nimelisikia kwa wenye nyumba, kwa maofisa, kwa mwanamume niliyemzalia. Halijawahi kumaanisha ndiyo.

Jumatano, 17 Septemba

Hesabu mpya imekamilika. Utani kwa mtani, ongeza tatu. Adabu tupu kuanzia kituo cha tatu, toa mbili, maana Kibwana anaanza kujiuliza amekukosea nini. Akichukua kitu chako ukakidai, toa nane. Ukichukua chake kulipiza, ongeza sita. Ukimnyima maji mara mbili mfululizo, toa kumi, utani hausamehe hilo. Mwenzenu akifa ukamzuia Kibwana kufanya kazi ya mtani kaburini, toa kumi na tano. Na mlango nimeuweka kwenye nakala yangu.

Shangazi amefika pwani na Kibwana wake, uaminifu tisini na moja. Amemtukana njia nzima.

Ustadhi ndiye aliyeachwa safari hii. Kibwana alimchukulia shuka, ustadhi akalidai kwa upole. Akamchukulia kisu, akakidai. Kibuyu, vivyo hivyo. Kituo cha nane akabaki peke yake. Akaja dukani ameshika simu.

"Mwajuma, nimemkosea nini huyu?"

"Fikiri, ustadhi."

Akakaa kwenye benchi akafikiri. Hakukasirika. Akaanza upya palepale. Baada ya alasiri akarudi anacheka peke yake: ameiba kofia ya Kibwana, na Kibwana amemwita mwizi na kumgawia muhogo.

Nimemtazama yule mzee nikaelewa wale wanne walioacha. Waliachwa na mtu ambaye hawakumkosea. Nani angerudi? Ustadhi alirudi kwa sababu kosa lilikuwepo, na lilikuwa lake. Mlango haukuwa mbaya. Mimi niliufungua kwa sababu mbaya, Deo akaona dawa ni kuuziba.

Alhamisi, 18 Septemba

Vumbi leo. Nimefagia mara tatu. Shangazi amerudi Ipole na basi la asubuhi, kaniachia dumu moja.

Naweza kuurudisha mlango mwenyewe kwenye toleo la kutuma. Nenosiri ninalo, ni kazi ya dakika ishirini, Deo angegundua wiki ijayo. Nimeliwazia hilo tangu asubuhi. Lakini ndicho hasa alichonifanyia, na nimekaa siku kumi na mbili nikieleza daftari hili kwa nini kinauma.

Mtu akiweza kuondoka ndipo kukaa kwake kuna maana. Deo anaweza kuondoka. Mimi pia. Sijawahi kumwambia hivyo kwa mdomo.

Nimemwandikia. Nanakili hapa nilivyotuma:

Mwalimu, habari za Puge. Kosa la hesabu lilikuwa langu, nimelisahihisha, nakala unayo. Mjaribu aliyeachwa safari hii alirudi kucheza mwenyewe, mwulize ustadhi. Kosa la kufuta bila kuniuliza ni lako, na hujalisema mpaka leo. Toleo linatumwa kesho saa kumi jioni. Sitaligusa bila wewe. Mlango ukirudi, tunatuma kwa majina mawili na watu wa Dar nitawaeleza mimi. Usiporudi, toa jina langu na utoe hesabu zangu zote, kwa sababu bila mlango hazifanyi kazi yoyote. Usiniandikie tutaona. Mlango unarudi au haurudi? Nijibu kabla ya saa sita mchana kesho.