Saio Bila Juvénal

Durban, 14 Machi 1999

Kwa Baba yangu Ladislas,
Kambi ya Nyarugusu, Kigoma.

Baba mpendwa, nakuamkia kwa heshima yote. Macho yanasemaje? Na lile goti la kushoto, bado linatabiri mvua kuliko redio? Najua anayekusomea ni dada Libérate, basi namsalimu naye, nikimwomba asome polepole na asiruke kitu, hata akitamani kuruka. Sisi huku ni wazima wa mwili. Goreth wangu bado anasuka nywele pale sokoni Warwick. Mimi ningali mlinzi wa magari mbele ya maghorofa ya South Beach, nimevaa kizibao cha njano, nawaelekeza kwa mkono watu wanaojua vizuri kabisa kuegesha bila mimi. Mwalimu mzima wa historia! Ungeniona ungecheka mpaka ukohoe.

Tulipoagana Uvira uliagiza kwamba katika kila barua mimi na mdogo wangu Pacifique tuandike kila mmoja mstari wake, kwa mkono wake, ili ujue wanao walio mbali wote wawili wako hai. Katika barua yenu ya mwisho Libérate ametania, akiuliza mbona mwandiko wa kitindamimba wako umenenepa, kwani Durban kuna nyama nyingi hivyo? Nitamjibu, ila lazima nianzie nyuma kidogo.

Agosti iliyopita, vita viliporudi kwetu Kongo, walinzi wa magari tulijiwekea sheria moja: hakuna kuulizana upande. Tuko Warundi, Wabembe, Wafulero, watu wa Kasai. Mkubwa wetu Ezéchiel, yule wa Fizi, alisema hapa iko magari tu, politiki kila mtu aiache kwake. Tukawa kama Wabelgiji wako wa zamani, watu wasio na upande. Sheria ilidumu wiki mbili. Zikaanza kufika habari za waliouawa, kijiji kwa kijiji, na tukasikia Zimbabwe, Angola na Namibia wameingia. Tukaona aibu kwamba wageni wanakwenda kupigana kwetu huku sisi tunalinda magari ya watu waliokwenda kuogelea. Pacifique aliacha kula. Jumapili moja, baada ya ibada, akaniomba nimsimulie tena habari za Saio.

Baba, wewe ulitusimulia vita vyako kwa namna moja tu, na hukubadilisha neno. Ulianzia kwenye gwaride, kamanda wenu Mzungu akiwaeleza kwamba Ubelgiji ilikuwa imeutangazia ulimwengu kuwa haina upande, lakini asubuhi moja ya Mei, mwaka wa arobaini, Wajerumani wamevuka mpaka, na baada ya siku kumi na nane mfalme ameweka silaha chini. Waliobaki kupigana wakawa ninyi wa koloni. Ulipenda kusema kwamba wenye nyumba walivunjiwa mlango, mkaitwa kuuziba ninyi ambao hamkuwahi kukaribishwa ndani. Kisha safari ya mashua kwenye Nile hadi Uhabeshi, Asosa, Gambela, njaa, na mlima wa Saio, mpaka majenerali tisa wa Kitaliano wakasalimu amri. Na kila mara ulimalizia kwa Juvénal, rafiki yako mliyeandikishwa naye siku moja. Hakupigwa risasi. Alikufa kwa kuhara. Ulimbeba kwenye machela siku nne, na siku ya nne ulikuwa unabeba maiti ukikataa kuambiwa. Hukuturuhusu kwenda kulala bila Juvénal, ingawa Mama alilalamika kwamba unatuotesha ndoto mbaya.

Siku ile nilimsimulia mdogo wangu Saio bila Juvénal.

Niliishia kwenye majenerali. Kisha nikatoa medali yako, ile uliyonikabidhi ukisema niitunze lakini asiivae mtoto wako yeyote, nikamvalisha kifuani. Nikamwambia kwamba Baba alikwenda kwenye ugomvi usiomhusu, na yeye ugomvi ni wake, lakini kazi yake ni kupuliza filimbi magari yakirudi nyuma. Nilikuwa na hasira, Baba. Nilitaka mtu wa nyumba yetu awe kule, na sikutaka mtu huyo awe mimi. Ndiyo dhambi yangu, nimeiandika nilivyoijua tangu siku ile.

Aliondoka Septemba pamoja na Ezéchiel, kupitia Lusaka hadi Lubumbashi, wakaandikishwa katika jeshi la serikali. Ile mistari ya Oktoba, Desemba na Januari, "Baba, ninakula vizuri," "Baba, niombee," niliiandika mimi. Libérate, ulikuwa na macho. Mwandiko ulionenepa ni wangu.

Wiki iliyopita Ezéchiel alirudi, anachechemea. Alikaa kwenye kitanda chetu, akanywa chai yote, ndipo akaniambia. Pacifique alifariki Januari, upande wa Kabalo. Si risasi, Baba. Ni kuhara. Walikunywa maji ya mtoni kwa sababu hapakuwa na mengine. Ezéchiel anasema hakukuwa na machela, akambeba mgongoni siku mbili, na njiani kijana aliuliza kama mzee wake naye aliwahi kuona mtu akifa namna hii. Ezéchiel hakujua la kumjibu. Mimi ningejua.

Baba, kaeni kilio. Msifupishe siku kwa ajili ya umaskini wa kambi, na jina langu msilifiche waombolezaji wakiuliza. Ukinilaani nitakubali, ila nakuomba usininyamazie. Medali anakuletea huyu aliyebeba barua, imo ndani ya soksi. Haina doa. Pacifique aliificha, Ezéchiel anasema hakuivaa hata siku moja.

Goreth anakusalimu huku analia. Ezéchiel anakusalimu na kuomba radhi, ingawa hana kosa. Wasalimie majirani wote, na Mungu azidi kukutunza. Libérate, baada ya jina langu usitafute cha kusoma. Mshike Baba kidole, umwekee pale palipo wazi.

Mwanao,
Josias

Pacifique: