Upungufu na Mapungufu ya Watakwimu Bima

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri kanipa ukurasa wa nne wa toleo maalumu la ajira. Mada: watakwimu bima. Kampuni ya bima imelipia tangazo humohumo, kwa hiyo niandike "kitu cha kutia moyo". Nimeandika vita, mafuriko na chaguzi. Hakuna aliyewahi kuniomba nitie moyo.

Mtakwimu bima ni yule anayekadiria mwakani yataungua maduka mangapi na watakufa watu wangapi, ili kampuni ijue imtoze nani kiasi gani. Hajui atakayekufa ni nani — watu wakisikia hivyo humwona hana maana.

Mmoja ninaye nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana shahada ya fani hiyo, anakaa chumba changu cha wageni na anafundisha hesabu watoto wa majirani. Shahada haitoshi. Kuna mitihani ya chama chao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja una ada yake. Ada ya mtihani ujao mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Baba yake, shemeji yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kasema hatoi tena mpaka ajue kazi hiyo ina soko. Ikiwa haina, binti anakuja kusimama kaunta. Leo kanipigia: anangoja gazeti langu. Binti yake akimwambia jambo, ni porojo. Gazeti likimwambia jambo lilelile, ni taarifa.

Jumatano, 6 Machi

Mkutano wa chama cha watakwimu bima, ukumbi wa hoteli. Kiyoyozi cha kugandisha mtu. Mwenyekiti kalisema neno "upungufu" mpaka likachakaa. Upungufu mkubwa! Taifa linawahitaji! Mshahara wao, kasema, unamwacha daktari mbali. Makofi.

Nikauliza: mwaka huu wameajiriwa wangapi?

"Swali zuri," akasema, akamnyooshea mkono mwandishi mwingine.

Wakati wa chai nikambana. Kumbe upungufu ni wa waliomaliza mitihani yote, safari ya miaka minane hata kumi. Na walio katikati? "Wako njiani." Wanakula nini njiani? Hapo akaona mtu wa kumsalimia.

Mlangoni, aliyeniandikia kitambulisho alikuwa msichana aliyesoma darasa moja na mpwa wangu. Alimaliza na daraja la kwanza. Nikamuuliza kama kaingia kwenye fani.

"Nimo ndani kabisa, mzee. Nawabandika majina vifuani."

Alhamisi, 7 Machi

Ofisa ajira wa kampuni ya bima. Suti nzuri. Kanihakikishia nafasi zipo. Nikaomba kuiona moja. Ya chini kabisa inataka uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu unapatikana wapi? Kwenye nafasi za chini kabisa. Asiye nao hupelekwa mauzo, akatembeze bima mitaani kwa kamisheni. Na zile hesabu walizokuwa wakipewa vijana wa kuanzia? Kompyuta inazimaliza kabla chai haijapoa.

— Sasa wakongwe wa kesho mtawapata wapi?

— Tutawaajiri.

— Kutoka wapi?

— Sokoni.

— Na sokoni watapelekwa na nani?

Akatazama saa yake. Ilikuwa imesimama, niliiona.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha mchana kwa dada. Shemeji hakungoja hata tunawe.

"Shemeji, huo upungufu wanaouimba redioni siuelewi. Saruji ikiadimika, mfuko haulali dukani. Huyu wangu kama ni adimu, mbona kalala stoo miaka miwili?"

"Baba, mimi si mfuko," binti akasema.

"Mfuko ungekuwa umeshauzika."

Dada akaomba watu waachwe wale. Wapi! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaendelea shemeji, lakini huyu kainama mpaka kiuno kimeota kutu.

"Umewahi kujua uwezekano wa duka lako kuungua?" binti akamuuliza.

"Toba! Unaniombea moto?"

"Nakuhesabia tu."

"Basi usinihesabie nikiwa nakula."

Jikoni dada akanishika mkono. Kaka, kalamu yako isimzike mtoto. Nikamwambia naandika nilichokiona. Mpwa alikuwa anaosha sahani, hakugeuka. "Andika kweli, Mjomba. Ila mshahara uweke aya ya kwanza." Akacheka kidogo. Kisha mikono ikabaki ndani ya maji, haioshi kitu.

Jumanne, 12 Machi

Nimemaliza. Nusu ya kwanza: waliofika juu ni wachache na wanalipwa vizuri. Nusu ya pili: wanaoanza wamejaa, mlango mwembamba, na walioubana ndio wanaolia upungufu. Shemeji akiamua, aamue akiwa na nusu zote mbili. Kichwa: "Upungufu Juu, Foleni Chini".

Mhariri kasoma, kasifu, kakata nusu ya pili. Tangazo limenenepa.

Jumatano, 13 Machi

Balaa! Msanifu wetu wa habari, tunayemwita Kamusi, kaupitia ukurasa nikiwa nimeshaondoka. Kichwa cha leo: MAPUNGUFU YA WATAKWIMU BIMA YATISHA. Ndani, kila "upungufu" umezaa. Mimi niliandika kwamba watu hawatoshi. Gazeti linasema watu wana kasoro.

Kamusi hatikisiki. "Si uliandika mkubwa, tena kila mahali? Mmoja ni upungufu. Ukizidi ni mapungufu."

Nikamwambia upungufu hauna wingi.

"Ndiyo maana ni upungufu," akajibu.

Mwenyekiti wa chama kapiga simu anafoka. "Taja kasoro yetu moja! Moja tu!" Nilikuwa nazo nusu ukurasa. Zimekatwa.

Kisha shemeji, sauti ya harusi. Kawasomea wateja kichwa chote, kwa herufi kubwa. "Ubarikiwe, shemeji! Kumbe nilikuwa nalipia mapungufu!" Aproni ya binti keshanunua. Nikajaribu kumweleza kuwa ni kosa la uchapaji. Kacheka: gazeti likimpinga mtu ndipo linakuwa na kosa.

Mpwa kawarudisha watoto wa hesabu makwao. Kasema anaumwa kichwa.

Alhamisi, 14 Machi

Mwenyekiti kaja na mwanasheria. Masahihisho, ukurasa wa kwanza, la sivyo ataiambia kampuni ya bima iondoe tangazo lake. Nikaomba nusu yangu ya pili irudi humohumo. Mhariri: masahihisho ni ya maneno, si ya mambo.

Wakaandika wenyewe, kalamu kashika Kamusi. Mwenyekiti hakutaka "mapungufu" lionekane tena, hata kwa kukanushwa. Wakaafikiana: "Chama kinapenda kuufahamisha umma kwamba hakuna upungufu wowote wa watakwimu bima nchini."

Nikawaambia: hii inasema wametosha.

"Inasema hatuna kasoro!" Mwenyekiti akaja juu. "Wewe bwana umeshatuharibia, nyamaza." Akatia saini. Mwanasheria akagonga mhuri.

Wiki nzima hatujachapa ukweli. Kesho tutauchapa, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 15 Machi

Dukani kwa shemeji. Nimekalia ndoo ya rangi, naandikia gotini. Malipo ya mtihani yanafungwa jioni hii. Mpwa yuko kaunta, aproni shingoni, kamba hajazifunga. Simu yake iko wazi kwenye ukurasa wa malipo.

Shemeji kavaa miwani, kayasoma masahihisho kwa sauti. Akarudia polepole, kama anayepima ubao. "Hakuna upungufu wowote wa watakwimu bima." Akanigeukia.

"Hapa wanasema wamekamilika, au wametosha? Kama wamekamilika, hela natoa sasa hivi. Kama wametosha, afunge aproni tufanye kazi."

Kabla sijafungua mdomo kaingia fundi, anataka misumari. Shemeji kaenda kumpimia. "Usiniondokee na jibu langu!"

Misumari inadondoka kwenye mizani. Mpwa kainama karibu yangu.

"Mjomba, kwa sarufi zote mbili ni sahihi."

"Naam."

"Kwa hiyo hutakuwa umedanganya."

"Inategemea nasema ipi."

Kidole chake kiko juu ya simu.

Fundi anarudishiwa chenji. Shemeji anapangusa mikono kwenye suruali, miwani kaipandisha, anakuja —