Hodi ya Maji Moto

Jumapili, 4 Januari 2026 — Jadida, Wete

Sanduku halifungi! Mama katia khanga za zawadi za kutosha kufungua duka. Kesho boti mpaka Unguja, halafu ndege, Muscat kwa binamu yangu Haroub. Watu nimewaambia ni matembezi tu. Lakini mama kuna kitu anakifuata, na mie nakijua.

Leo baada ya darsa wasichana wa chuo cha Kurani cha mama walisali wenyewe hapa barazani. Yule mdogo kabisa akageuza ndoo, akaikalia, akasujudu hewani. Ati ndivyo anavyosali Bi Umkulthum! Wenzake wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Mwaka wa pili huu anasali kitini kwa ajili ya goti. Baadaye akaniambia: Laila, mie nawafundisha watoto sala ya kiti. Nataka Ramadhani hii paji langu liguse chini.

Nikamwambia inshaallah. Nikaenda kulia jikoni.

Jumatano, 7 Januari — Muscat

Daktari kasema goti limelika, lipasuliwe. Mama kasema ahsante mwanangu, akavaa viatu. Basi! Haroub anambembeleza tangu mchana. Mie nimeudhika. Tumetoka kote kule!

Jumamosi, 10 Januari — garini, tunarudi

Kalamu inaruka. Sijali, naandika.

Leo ilikuwa siku ya soko. Vitambaa vyangu nimeshavipanga kichwani, rangi zote. Haroub anaendesha, mkewe Raniya mbele, mama na mie nyuma. Kila tuta, mama anaguna. Mara Raniya akageuka: kwani tusiende Rustaq, kwenye chemchem ya maji moto? Wenye maradhi ya viungo wote hukimbilia huko. Haroub akakata kona papo hapo. Hakuna aliyeniuliza! Hatuna taulo, hatuna nguo za kubadili, chakula ni pakiti moja ya biskuti. Nilinuna mpaka tukafika.

Milima mikavu, mawe matupu, halafu mitende na mvuke. Maji yananuka yai viza.

Upande wa wanawake, mama akasimama mlangoni. Haingii. Kalelewa Mgogoni huyu, na bibi yake alimfundisha kuwa kisima cha kale hukisogelei bila kubisha. Nikamwambia, mama, hapa ni Oman! Akasema kwani maji ya Oman hayana wenyewe? Akapaza sauti: Hodi! Hodi jamani!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Raniya, aliyezaliwa hukuhuku, hoi kwa kicheko.

Na kutoka ndani, kwenye mvuke — Karibuni! Watu wa wapi nyie?

Mama akanikamata mkono mpaka kucha zikaniingia. Laila, yamejibu!

Kumbe ni bibi mmoja, kakaa peke yake, miguu majini. Bi Zuwena. Kwao Ole! Kaondoka Pemba msichana mdogo, hajarudi. Akasema hodi ile hajaisikia tangu siku hizo, huku watu hugonga tu. Akataka kujua kama mikarafuu ya Ole ipo. Mama akamwambia ipo, na mwaka jana tumeanika mpaka barabarani. Bibi wa watu akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Wakakaa pamoja mpaka ngozi za miguu zikakunjamana. Bi Zuwena naye goti lilimsumbua. Anamfunza mama: kunja majini, taratibu, shika mkono wangu, nyoosha, kunja tena. Dawa si mvuke huu peke yake, anasema, dawa ni kukunja kila siku. Na daktari usimkimbie, mwanangu — mama kaitwa mwanangu!

Adhuhuri mama akajaribu kusujudu. Akashuka nusu, akabaki hapo akitetemeka, akarudi kitini. Nilidhani atalia. Akasema: umeniona? Nusu!

Soko silikumbuki tena.

Jumatano, 21 Januari — Jadida

Chupa ya maji ya Rustaq imevujia sandukuni! Buibui langu jipya linanuka yai viza, nimelifua mara ngapi sijui. Mama kasikitikia chupa, si buibui. Tone lililobaki kalimimina kwenye karai la maji ya moto, uani. Kisha nikamsikia — Hodi!

Anabishia karai! Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikajibu: Karibu! Watu wa wapi?

Tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Jumapili, 1 Februari

Kila asubuhi karai, kunja, nyoosha. Leo kakasirika, goti limevimba, kiti kakikumbatia. Nimemuuliza, twende kwa daktari wa hapa? Kakubali! Bila mabishano. Bi Zuwena, Mungu akupe umri.

Jumatano, 11 Februari

Alasiri. Mie sisali leo, nimekaa pembeni na daftari. Daktari alimwambia ajaribu, asijilazimishe. Kiti kakisukuma ukutani.

Kaleta takbiri. Karukuu. Sasa mkono ukutani — goti zima kwanza — goti bovu — ya Rabbi — mikono chini —

Paji liko chini! Paji la mama liko kwenye mswala!

Hanyanyuki. Anaomba dua au kakwama? Siwezi kumuuliza, yumo ndani ya sala. Mabega yanatikisika. Nyayo zake naziona, vidole vimekunjika vizuri kabisa.

Wasichana wa chuo wamefika mlangoni. Hodi! Hodi, Bi Umkulthum!

Sijawajibu. Yule mdogo keshachungulia, kaziba mdomo kwa mikono miwili. Mkono wa kulia wa mama unatafuta ukuta, ainuke —