Mfereji wa Uani

Jumatatu, 3 Machi
Changamwe tangu saa moja. Viatu vimekula vumbi, nami nimekula chai bila andazi. Kitambi chaniamrisha nipungue. Kiwanda hiki cha zamani cha mafuta ya nazi kinageuzwa: maduka chini, nyumba za kupanga juu. Kazi yangu ni kuchora nje: miti, vijia na viti. Uani, palipoanikwa mbata, nazi za kukaushwa, nimechora sakafu tambarare kama meza. Nimejisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitolea.

Jumanne, 4 Machi
Bi Mwanaisha auza viazi karai langoni. Zamani alianika mbata humu. Chumba chake ki nyuma ya ukuta wetu. Nimemwamkia, naye bila hata kuitikia akauliza:
"Mwanangu, mfereji wa maji ya mvua pale ukutani mmeuziba?"
"Tangu wiki jana, mama. Ni wa zamani."
"Hata mimi ni wa zamani. Mwaga ndoo uone."
Nimecheka. Zege inamiminwa Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwaga, kabla mafundi hawajafika. Maji yamekwenda moja kwa moja ukutani, yakatuama, yakapenya chini ya ukuta. Kisha sauti ya Bi Mwanaisha ng'ambo:
"Enhe! Siku hizi hodi yabishwa kwa maji?"
Ndoo moja tu. Masika yana ndoo ngapi?

Alhamisi, 6 Machi
Wafula, msimamizi wa mafundi, asema: "Mzee, tumimine tu. Mvua ikinyesha tutakuwa tushatoka site." Mwenye jengo, Bwana Salim, ameniahidi kazi kubwa ya Miritini. Hapendi mtu wa kubadilisha neno. Naogopa. Sijamwambia kwamba mchoro wangu una kosa. Mwoga mwenye kitambi.

Ijumaa, 7 Machi
Lori la zege langoni, pipa lazunguka. Nimesimama mbele yake. Bwana Salim akashuka garini.
"Aliyechora ni nani?"
"Mimi."
"Na anayezuia?"
"Wallahi, ni mimi pia."
Amemwashiria dereva ageuze. Lori limeondoka na zege yake. Kazi ya Miritini hakuitaja.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Kazi ya Miritini amepewa mwingine. Nimeambiwa na Wafula, kwa upole. Imeuma. Uani nimechora upya: mteremko ni ule ule wa enzi za mbata, mfereji tumeuzibua, maji yanashuka taratibu hadi barabarani. Nimezunguka ukuta na mwavuli wangu uliovunjika ubavu. Nimebisha kwa Bi Mwanaisha, kwa mkono safari hii. Sakafu yake kavu. Akanisogezea kigoda.