Kitenge cha Mkamwana

Jumamosi, Isimila

Niwie radhi, daftari, kwa mwandiko huu wa kizee.

Mwanangu na wajukuu walishatangulia ndani ya korongo kavu kutazama nguzo za mawe zilizochongwa na maji. Nilisimama juu ya mteremko, nikiogopa kuanguka, nikiogopa zaidi kurudishwa garini. Tangu nifiwe na mke wangu, sipendi kuwasumbua.

Mkamwana wangu akarudi kunifuata. Kwa desturi yetu Wanyamwezi, baba mkwe na mkamwana hawashikani mikono. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akanipa ncha moja.

“Shika, Baba. Ukianguka, nami nikaanguka, atapika nani?”

Tukashuka taratibu hadi kwenye nguzo za mawe.

“Si mngeshikana mikono tu?” mwanangu akauliza.

Tuliendelea kushika ncha zetu, ingawa pale chini palikuwa tambarare.