Mafunjo, Matete na Matusi ya Mama Mkwe

Mpendwa Mama mkwe,

Huko uliko nadhani bado unamkagua kila anayeingia, kama ulivyonikagua mimi siku mwanao aliponileta kwenu Kansanga, bibi arusi Mkenya asiyejua neno la Kiganda. Mugole, yaani bibi arusi, uliniita, na hukuacha kuniita hivyo hata baada ya mimi kujifungua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulinipa panga siku ya pili, ukaniteremsha kinamasini tukakate mafunjo ya mikeka.

Nilikushuku tangu siku hiyo. Mafunjo yalijaa tele pale ukingoni, lakini wewe ulinipeleka ndani, mpaka maji yakanifika magotini. Ukaniambia nifumbe macho, ukanitia shina mkononi.

"Mugole, hii nini?"

"Matete, Mama."

"Wapi! Shika vizuri. Iko na kona tatu, hiyo funjo. Chini yake maji tupu, itakumeza. Matete iko na fundo-fundo, hapo mguu inasimama."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nikayajua mafunjo kwa pembe zake na matete kwa vifundo vyake, nikajua pia kwamba yungiyungi, ua zuri lile, likielea mahali ujue pana kina. Lakini moyoni nilijiuliza, mama gani humfundisha mkamwana wake kutembea kinamasini macho yamefumbwa? Nikaamua unataka nizame, umwoze mwanao msichana wa kwenu. Nyakati zile za utawala wa wanajeshi kila mtu alimwogopa mwenzake. Jirani akikusalimu mara mbili, unajiuliza ile ya pili ni ya nini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nilidhani ni wewe.

Kisha ikaja asubuhi ile wanajeshi walipoanza kuwatafuta Wakenya nyumba hadi nyumba. Mwanao alikuwa safarini na garimoshi. Ulirudi mbio kutoka sokoni, ukakijaza kikapu changu, ukakitupa nje, ukapiga kelele mtaa mzima ukasikia.

"Toka! Mwizi! Mvivu! Hata chai hajui kupika! Rudia kwenu!"

Majirani walicheka. Ukanisukuma bondeni na mtoto mgongoni, ukinitukana njia nzima, hadi kwenye matete. Hapo ukashusha sauti.

"Shika fundo tu. Usiangarie nyuma."

Ukapanda tena kilimani ukiendelea kutukana, peke yako.

Ukungu ulitanda, sikuona hata mkono wangu. Nilipapasa shina baada ya shina. Kona tatu, narudi. Fundo, nakanyaga. Nikatokea ng'ambo, nyuma ya kizuizi cha askari, na baada ya siku kadhaa nikafika Kisumu. Mwanao alipotufuata alisimulia kwamba wanajeshi walikukuta uani ukilia kuwa nimekuibia sufuria, na majirani wote wakaapa kwamba umenifukuza. Sufuria sikuiba. Kikapuni mlikuwa na ndizi za kuchemsha na mkeka mdogo wa mtoto.

Hatukuonana tena, na hilo linaniuma. Nilikupenda nikiwa nimechelewa, Mama. Siku hizi nawapeleka wajukuu zako ukingoni mwa ziwa, nawafumba macho, nawatia mashina mikononi. Wananitazama kwa shaka, nami nafurahi.

Ila shaka yangu moja haijaisha. Mwizi na mvivu najua yalikuwa ya kuwasikilizisha majirani. Lile la chai lilitoka moyoni, sivyo?

Pumzika, Mama.

Mugole wako