Mtu Si Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Baba ameletwa leo. Vijana wawili wa hospitali wamemtoa kwenye gari, na yeye amefumba macho kutoka getini hadi chumbani. Mzee Winchi, ndivyo mji ulivyomwita! Mtu aliyehamisha makabati na mafriji ya nusu ya mji huu kwa kifua chake, leo anabebwa na anafumba macho. Nimejifanya natafuta funguo.

Nimempa chumba alichofia Mama. Sina kingine. Nilibadilisha shuka, nikageuza godoro, nikahamishia kitanda ukuta wa pili ili chumba kisifanane na kile. Ameingia, ametazama ukuta wenye alama za kitanda kile. Mama alifia hapa mwezi uliopita, Baba akiwa wodini na vyuma kwenye nyonga. Mazishi yamepita bila yeye. Mpaka sasa hajaniuliza hata swali moja kuhusu mazishi.

Daktari anasema mfupa umeungwa vizuri. Kilichobaki ni kusimama. Akilala tu, misuli itaisha, na hapo hata mfupa mzima hautamsaidia.

Basi asimame. Mzazi mmoja nimeshamzika, inatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amekuja. Mwanamke mfupi, raba nyeupe, sauti ya mwalimu wa chekechea. Kila kitu anakihesabia — moja, mbili, tatu. Nimeshampa jina: Moja-Mbili.

Kwanza kaikagua nyumba kama polisi. Zulia la mlangoni, toa. Waya wa cherehani unaokatiza korido, toa. Ndala, toa kabisa, mzee avae viatu vinavyoshika kisigino. Kochi langu zuri kalikalia, kazama, kasema hili ni shimo, si kiti. Anataka kiti kigumu, kirefu kidogo, chenye mikono ya kujisukumia. Nimekwenda kumwomba jirani.

Kisha mazoezi ya kitandani. Vidole vya miguu avivute kwake, avisukume mbele. Akaze paja, alegeze. Baba kafanya yote huku anatazama dari, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Lakini aliposikia neno kusimama, akasema mguu unauma. Moja-Mbili akamweleza kuwa maumivu kidogo ni kawaida, makali ndiyo ya kusimamisha zoezi. Baba akasema basi haya ni makali.

Nimeagizwa nitafute mkanda mpana wa kumfunga kiunoni, wa kumshikia akisimama. Nisimvute mikono wala kwapa, hata siku moja. Nikamwambia mimi nashona mapazia, mkanda si tatizo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeushona mkanda kazini. Turubai la mara mbili, vishikio viwili pembeni, uzi ule mnene wa mapazia ya ukumbi. Fundi mkuu akaniuliza kama nimenunua punda. Nimecheka pamoja nao wote, halafu nikaenda chooni nikalia.

Baba kaupokea, kaupitisha kidole gumba kwenye mshono, kauvuta kwa nguvu kama kamba ya kufungia mzigo. Kwa dakika hiyo moja alikuwa Baba. Nikakumbuka sheria zake za kazi, alizotuimbia tangu utotoni: mzigo mzito ukumbatie, uweke kifuani, uinue kwa pumzi moja. Na ukianguka, mzigo ukuangukie wewe, usiangukie sakafu. Kwa sababu wewe utapona, kioo cha mtu hakiponi. Katika maisha yake yote ya kazi hajaangusha kitu cha mtu. Hilo analisema kama wengine wanavyotaja vyeti.

Akaniuliza, "Huu wa kunifunga mimi?"

Nikasema ndiyo.

Kauweka chini ya mto, kageukia ukutani.

Jumanne, 11 Machi

Shangazi amekuja na mito mitatu. Mitatu! Mmoja wa kichwa, mmoja wa mgongo, mmoja wa mguu. Kamlalisha kaka yake kama mtoto mchanga na kumlisha supu kwa kijiko. Mikono ya Baba haina ubaya wowote. Ana mikono ya kung'oa mlango.

Nikasema shangazi, daktari anataka atumie mwili wake. Akasema mwili huu umetumika vya kutosha, na haraka haraka haina baraka. Nikasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema nina ulimi wa wembe na ndiyo maana naishi peke yangu. Baba alikuwa anasikiliza. Akafungua mdomo apewe kijiko kingine.

Nilimtazama nikaona anafanya makusudi. Hataki kupona. Sijui kwa nini, ila hataki.

Alhamisi, 13 Machi

Amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Basi. Kusimama, hapana. Moja-Mbili kampima paja kwa futi yangu ya kushonea, kisha kaniita jikoni. Paja linapungua. Akiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, atabaki kuwa mtu wa kugeuzwa kitandani. Kanieleza kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha.

Nikauliza, ni woga? Akasema wengi huogopa kuanguka tena, nimuulize vizuri alivyoanguka.

Lakini hilo nalijua. Mama alikuwa amepooza upande wa kushoto, na Baba ndiye aliyemuuguza peke yake kule kwao, hataki msaidizi. Siku hiyo sakafu ilikuwa na maji, akateleza. Mama akajiburuta kutoka kitandani amfikie, naye akaanguka. Jirani akawakuta wote chini. Baba akapelekwa hospitali, Mama nikamleta kwangu. Mama mwenyewe alinisimulia, humu chumbani, kwa nusu ya ulimi aliyobakiwa nayo. Aliteleza, alisema. Maji. Na kila asubuhi aliniuliza neno moja juu ya Baba: "Kasimama?"

Nilikuwa namjibu bado, Mama. Mpaka asubuhi ambayo hakuuliza.

Jumapili, 16 Machi

Nimemfokea Baba. Nimemwambia maneno mabaya. Nimemuuliza anataka nimzike na yeye?

Akasema taratibu, bila hasira, "Ungeanza na mimi."

Sikupika leo.

Jumatano, 19 Machi

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Moja-Mbili kaja na mbinu mpya. Kama mzee hataki kusimama, basi atazame. Kanikalisha mimi kwenye kiti cha jirani, kanifunga mkanda, mimi ndiye mgonjwa. Akasema kwanza nawaonyesha kosa la watu wote. Akanikumbatia, akanibana kifuani, akavuta pumzi aninyanyue mzima mzima. Nikaguna, yeye akayumba, tukacheka. Akasema hivi ndivyo watu wanavyowaumiza wagonjwa wao na kujiumiza wenyewe. Wanamwinua mtu kama kabati. Mtu si kabati. Kabati halina miguu.

Baba alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto.

Kisha Moja-Mbili akaonyesha inavyotakiwa. Sogea ukingoni mwa kiti. Miguu irudi nyuma, chini ya magoti. Inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Moja, mbili, tatu — na mgonjwa anainuka mwenyewe. Wewe unamsindikiza tu. Kweli, niliinuka na mkono wake haukuvuta chochote.

Baba akauliza, "Hata aliyepooza upande mmoja?"

"Hata huyo, mzee. Unasimama upande uliokufa, unalizuia goti lake kwa goti lako. Mguu wake mzima unafanya kazi."

"Hata kama ni mnene?"

"Hata mnene. Mwili wake ndio unaomwinua, si wewe."

Akaomba aonyeshwe tena. Na tena. Akauliza mkono unakaa wapi, goti linagusa wapi. Moja-Mbili alifurahi, amepata mwanafunzi. Mimi pia nilifurahi, mjinga mimi. Nikawaza, leo atasimama.

Moja-Mbili alipoondoka, Baba akaniambia sakafu haikuwa na maji.

Alikuwa anamtoa Mama kitandani kumpeleka kwenye kiti, dirishani, kama kila asubuhi. Akamkumbatia, akamweka kifuani, pumzi moja. Ndivyo alivyofanya miezi yote ile. Siku hiyo alipogeuka mguu ukabaki nyuma, akasikia nyonga inalia. Akajua wanakwenda chini. Akajigeuza ili Mama aangukie juu yake.

"Mama yako hakupiga kichwa," akasema. "Nilihakikisha hakupiga kichwa."

Wakalala pale chini mpaka jua likahama dirisha. Yeye hawezi kujisogeza, Mama yuko kifuani kwake hawezi kujiondoa. Na Mama muda wote alikuwa anamwomba radhi. Kwa nini? Kwa kuwa mzito.

"Sijawahi kuangusha kitu cha mtu," akasema. "Nimemwangusha yeye."

Nikamwambia daktari alisema ni kiharusi cha pili, hakikuhusiana na kuanguka. Akasema daktari hakuwepo. Nikamwambia wewe hukujua, hakuna aliyekufundisha. Akasema, "Mambo yenyewe mepesi, mwanangu. Umeona yalivyo mepesi?"

Nilimshika mguu, ule mzima, juu ya blanketi, nikakaa hivyo. Nawaza ile hadithi ya maji. Mama aliitunga kwa nusu ulimi, akanipa mimi, akafa nayo.

Ijumaa, 21 Machi

Amesimama.

Ameomba viatu mwenyewe. Nimemfunga kamba za viatu, nimemfunga mkanda, nimekaa upande wa mguu mbovu. Kasogea ukingoni, kainama, kahesabu mwenyewe. Miguu ilitetemeka kama ya ndama. Kashika fremu ya kutembelea kwa mikono miwili, kasimama mpaka jasho likamtoka, kisha karudi kukaa polepole, bila kujibwaga, kama tulivyofundishwa.

Nilitaka kupiga kelele za furaha. Uso wake ukanizuia. Alikuwa kazini.

Jumanne, 25 Machi

Anasimama asubuhi na jioni. Anashika sinki la jikoni na kuinua visigino, mimi nyuma yake na kiti kikisubiri. Akihisi kizunguzungu anasema, anakaa, hatubishani. Kwa fremu anafika mlangoni. Shangazi anasema ni supu yake. Nimemwachia ushindi huo, hauna gharama.

Moja-Mbili anashangaa. Kamuuliza mzee, umepata wapi moyo? Baba kamwambia akumbushwe ile ya kuzuia goti. Akadhani anatania.

Nimemuuliza kama anataka tumpeleke kwenye kaburi la Mama, gari litafika karibu. Akasema bado, sijawa tayari. Nikasema lakini umeshaweza kutembea, Baba. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

Jumapili, 30 Machi

Naandika jikoni, haraka.

Baada ya chakula aliniuliza kitanda cha Mama kilikuwa ukuta gani. Anajua, aliutazama siku ya kwanza. Lakini nikamwonyesha. Akasema nipeleke kile kiti kigumu pale, nikikalie. Kisha akafungua mkanda kiunoni mwake, akanipa nijifunge mimi.

Nikaelewa anataka kumwinua nani.

Nikamwambia Baba, hujaruhusiwa hata kuachia fremu. Ukianguka mara ya pili hakuna tena kusimama, umesikia mwenyewe. Akasema amesikia. Akasema atasimama ameegemea ukuta, atafanya mara moja tu, hataomba tena. Nikamwambia sawa, lakini nitainuka kwa nguvu zangu, wewe uguse tu. Akatikisa kichwa. Upande wa kushoto niuache ufe. Na nisimdanganye.

"Uwe mzito," akasema. "Kama alivyokuwa."

Nikamwomba dakika moja. Nimekuja huku. Simu ya Moja-Mbili haipokelewi, ni Jumapili. Shangazi nikimpigia atakuja na mito. Najua jibu sahihi ni lipi. Ni hapana, na nirudi nikamlaze, na kesho atageukia ukutani, na kesho kutwa. Hilo nalo ni kuanguka.

Kiti nilikiacha katikati ya chumba. Sasa nasikia kinaburutwa. Anakisogeza mwenyewe, kidogo kidogo, kuelekea ukuta ule. Viatu vyake nasikia. Fremu siisikii.

Sasa anahesabu. Anajaribu peke yake, kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akimsemeshea Mama akidhani hatumsikii. Moja. Mbili. Hafiki tatu. Anaanza upya.

Mkanda nimeshajifunga. Sijui niwe mzito kiasi gani.